Kitenge Nilichokificha Mezani

Kabla ya yote, kiti. Ukiingia kwenye mkutano wa shule, mwanangu, usikimbilie kiti kilicho karibu na mwalimu hata kama ndicho chenye mto. Kaa ubavuni mwa mzazi, nyuma kidogo, usawa wa bega lake. Ukikaa katikati, mwalimu ataongea na wewe, mzazi ataongea na wewe, na mwisho wake mtakuwa mmemjadili mtoto wa watu huku mama yake anatazama dirisha. Sanduku la tishu lisogeze upande wa mzazi mapema, kabla hajalihitaji, maana mama zetu hawaombi tishu, wanajifuta kwa ncha ya mtandio. Na chai usinywe kabla. Mikutano hii huchukua saa mbili, na hakuna fedheha kama mkalimani kusimamisha kikao cha watu tisa eti anakwenda chooni. Yamenikuta.

Jina langu Zuhura, mzaliwa wa Kigoma, na nimekalimani Kiswahili katika nchi hii ya Marekani miaka kumi na tisa. Louisville nilianza, Columbus nikakomaa, Buffalo nikastaafu. Sasa nakaa Cheektowaga kwa binti yangu, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yangu ni kunung'unikia kelele za ndege na kuwasuta watu kwa simu. Juzi mmoja wenu, kijana anayeanza kazi, akaniuliza: mama, katika yote uliyokalimani, ni mkutano gani uliokushinda? Nikamwambia niache, nina usingizi. Uongo mtupu. Nilikaa siku tatu na swali lake, ndiyo haya naandika.

Mtakalimani mahakamani, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Yote hayo yana presha yake. Lakini hakuna panapotaka moyo kama mkutano wa mtoto ambaye akili yake imeumbwa kwa ramani nyingine: mtoto wa usonji, mtoto asiyetulia, mtoto anayesikia bomba la maji kama wewe unavyosikia treni. Neno lenyewe usonji nililipata Dar es Salaam, na nilipolitumia mara ya kwanza, baba mmoja wa Bukavu aliniuliza kwa adabu kama ni dawa ya kunywa au ya kupaka. Toka hapo sikusema neno tupu. Nilieleza kile mtoto anachokifanya, na mzazi akaitikia kwa kichwa: ndiyo huyo, ndiyo huyo wetu.

Mnajua wazazi hawa wanatoka na nini nyumbani? Kanisani wameshaambiwa wafunge na kuomba. Msikitini wameshaulizwa walimkosea nani. Mama mkwe amepiga simu kutoka kambi ya wakimbizi kusema upande wetu hakuna mtoto wa hivyo. Wamekaa wiki nzima bila mgeni, kwa sababu mtoto akipiga kelele jirani anaita polisi. Halafu mwalimu anauliza kwa tabasamu, mambo nyumbani yakoje? Na sisi tumelelewa vipi? Ukiulizwa habari za nyumbani, unasema nzuri. Hata kama nyumba inaungua, unasema nzuri kwanza, moto baadaye.

Nilipoanza Louisville nilikuwa na ulimi mnyoofu kama rula. Kilichosemwa, nilisema. Kulikuwa na baba mmoja wa mtaa wa Shively, kazi yake kiwandani, mwanawe wa miaka mitano halali na anajigonga kichwa ukutani. Walimu wakamuuliza baba, wewe mwenyewe unaendeleaje? Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo tangu mtoto azaliwe. Akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Kuna siku namwomba Mungu amchukue apumzike, na mimi nipumzike."

Nikalisema vilevile. Chumba kikapoa. Siku mbili baadaye watu wa ustawi wa watoto, wale wenye mafaili, walibisha hodi kwake, wakafungua friji, wakahesabu vitanda, wakatazama mgongo wa mtoto kama una alama. Hawakumchukua, alhamdulillahi. Lakini tangu siku ile, kila mkutano akiulizwa anaendeleaje, yule baba alijibu kwa Kiingereza neno moja tu la kwamba yuko sawa, na mimi nikakaa pale sina kazi. Nilikutana naye dukani mara moja. Alinisalimia kwa heshima zote, akauliza watoto wangu, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Mrundi mmoja mzee, Bwana Athumani, aliyevaa tai hata Jumamosi. Nilipomlilia, hakunibembeleza. Alisema maneno ya watu ni amana, huongezi, hupunguzi. Lakini ukiona yatavunjika njiani, una ruhusa ya kusimamisha kikao na kusema, mkalimani anaomba kueleza. Ungewaambia kwamba kwetu mzazi aliyechoka husema hivi, na kumtaja Mungu ni kuomba msaada, si kutishia. Wangeelewa, au wasingeelewa, lakini baba wa watu asingebaki peke yake.

Nilimsikia kwa masikio. Moyo ulikuwa umeshajifunza jambo jingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Niliondoka Kentucky nimeapa kwamba kinywa changu hakitampeleka tena mtu wa mafaili kwenye nyumba ya Mswahili.

Columbus nilipanga mtaa wa Northland, hatua chache kutoka Morse Road, na huko ndiko nilikokutana na Mama Riziki. Mama wa Uvira, mwembamba, sauti ndogo, kazi yake kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mumewe alifanya zamu za ghalani na mchana alilala, kwa hiyo mikutanoni alikuja peke yake. Riziki alikuwa na miaka saba. Hakuwa anasema neno. Alikuwa anavuma, mdomo umefungwa, sauti moja ndefu, na kelele zikizidi darasani alijitupa chini na kujigonga, na hakuna mtu mzima aliyejua la kufanya. Shule ilikuwa imefika mwisho wa subira. Walisema wasipopata njia ya kumtuliza, watapunguza siku yake iwe saa mbili, na baada ya hapo watatazama kama pale ni mahali pake. Mama Riziki alijua maana yake. Shule ikimshinda, mtoto atakaa ndani ya vyumba viwili na baba aliyelala, na yeye kazi basi.

Mwalimu wake, mama mmoja wa nywele za mvi, mpole kweli, aliuliza swali zuri kuliko yote: nyumbani akianza, nini kinamtuliza?

Mama Riziki alinitazama mimi, akatazama meza, akashusha sauti.

"Namubeba mgongoni. Namufunga na kitenge, nakaza sana, mpaka mikono haitoki. Anakaa pale hata saa nzima. Bon, ni haya, ni aibu, mtoto wa miaka saba. Lakini ndiyo dawa yake."

Hapo nikaona mafaili. Nikaona friji linafunguliwa. Mtoto amefungwa, amekazwa, mikono haitoki, saa nzima! Nilijiona nayasema maneno hayo kwa Kiingereza mbele ya watu tisa, na nikaona mama huyu anavyosimama mlangoni wageni wakihesabu vitanda vyake. Nikasema kwa Kiingereza, "Huwa namkumbatia."

Ndivyo nilivyofanya. Sentensi tano za mama zikawa neno moja. Mwalimu aliandika, akashukuru, na mimi nikajiona shujaa, nimemkinga ndugu yangu. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri.

Basi wakamkumbatia. Msaidizi wa darasa, binti wa watu mwenye nia njema, alimkumbatia Riziki katikati ya makelele, na Riziki, ambaye mikono ya mgeni kwake ni kama maji ya moto, alimng'ata mpaka damu. Walijaribu wiki tatu. Baada ya hapo siku yake ikakatwa: anafika, anakunywa maziwa, anarudishwa. Mama Riziki akaacha kazi. Aliniambia kwa simu akitaka nimtafsirie barua, na sauti yake haikuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

Miezi ikaenda. Jumamosi moja nikagongana naye kwenye duka la vyakula vya kwetu pale Morse Road, kila mmoja mkono wake kwenye pakiti ileile ya migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu. Akacheka, akasema mama, acha kununua, njoo ule kwangu. Kanuni yetu inakataza mkalimani kwenda nyumbani kwa mtu anayemkalimani. Kanuni nzuri, ifuateni. Lakini aliyeitunga hakuwahi kunusa migebuka akiwa maili elfu nane kutoka ziwani.

Alikuwa anakaanga samaki, na mnajua apatimenti hizi: moshi kidogo tu, kile kidude cha darini kinapiga mlio wa kupasua fuvu. Kikapiga. Riziki, aliyekuwa ameketi kimya akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, alianguka kama aliyepigwa risasi. Kichwa sakafuni, pa, pa, pa. Mimi nikasimama kama mti. Miaka yote ile nawaongelea watoto hawa mezani, na sikuwahi kuona.

Mama Riziki hakukimbia wala hakupiga kelele. Alivuta kitenge kilichokuwa kimetundikwa nyuma ya kiti, kitenge cha buluu chenye ndege, kimefuliwa mpaka ndege wamepauka. Akainama mbele ya mtoto, mgongo kama ngazi. Na Riziki, katikati ya kilio, akaupanda. Miguu yake mirefu ilining'inia mpaka karibu na magoti ya mama. Mama akazungusha kitenge, akavuta, akavuta tena kwa nguvu iliyomtoa mishipa ya shingo, akafunga fundo juu ya kifua. Kisha akarudi kwenye jiko akaendelea kusonga ugali.

Wallahi, sijaona kitu kama kile. Kidude bado kinalia, mimi nakipepea kwa sinia, na kile kilio cha mtoto kikashuka kikawa mvumo, mvumo ukawa pumzi, pumzi ikafuata mwendo wa mwiko. Shavu lake limelala kwenye bega la mama. Sijui kilichukua dakika ngapi. Nikasema subhanallah kwa sauti. Kisha Riziki akainua kichwa na kugeukia dirisha. Mama yake akasema basi linakuja. Mimi sikusikia kitu. Nikahesabu moyoni, nikafika karibu arobaini ndipo basi la mji likapita chini. Mama Riziki akasema, "Huyu husikia kila kitu, donc, yaani, hana mlango wa kufunga masikioni. Ndiyo maana namfungia mimi."

Tulipokaa kula akaniambia, bila kinyongo, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, "Niliwaambia shuleni. Wewe ni shahidi, mama. Hawakushika. Kitu chetu wanaonaga ni cha porini."

Nikabaki nachambua miiba. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, na sikufungua. Nilimwambia tu kwamba mzazi ana haki ya kuomba mkutano wakati wowote, hana haja ya kungoja mwaka, aandike barua na mimi nitaitafsiri. Mlishike hilo nanyi, wazazi wengi hawalijui. Na nikamwambia aje na kitenge.

Mkutano ule ulikuwa na mtu mpya, mama mmoja mnene mchangamfu ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kuizoea miili yao. Mama Riziki alikitandaza kitenge mezani, juu ya karatasi zao, akasema tena yote. Safari hii sikumeza hata irabu. Nilisema kufunga, nilisema kukaza, nilisema mikono haitoki, nilisema saa nzima, nilisema na ile haya yake. Kisha nikainua mkono: mkalimani anaomba kueleza. Nikaeleza jinsi wengi wa kwetu tulivyokulia mgongoni, na kwamba kilichomwaibisha mama ni umri wa mtoto.

Yule mama mnene alisimama. Aliuliza kama anaweza kufungwa yeye. Watu wakacheka, Mama Riziki akacheka akiziba mdomo, kisha akamzungushia kitenge mabegani na kifuani, akakaza kama anavyojua. Mzungu wa watu akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. Alisema hiki ndicho anachokifundisha, kuubana mwili ili utulie, amekisomea miaka, na hajawahi kubanwa vizuri hivi. Akauliza nani alimfundisha.

"Yeye mwenyewe," alisema Mama Riziki. "Tangu mdogo alikuwa anaingia chini ya godoro, mahali pa kubana. Miye nilimufuata tu."

Wanangu, nimekalimani madaktari na mahakimu. Sijapitisha kinywani mwangu maneno yaliyonyenyekeza chumba kama yale. Mama ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne alikuwa amemsoma mtoto asiyesema, ukurasa kwa ukurasa, kwa mgongo wake.

Kisha mwalimu wa mvi akauliza, kwa uchungu, mbona hatukujua mapema? Nikalipitisha. Mama Riziki akajibu, "Nilisema mwaka jana." Nikalipitisha na hilo. Mwalimu akafungua daftari lake la nyuma, akapekua, akapekua, akasema hakuliona, basi ni yeye hakuandika, na anaomba radhi. Alimtazama mama machoni akaomba radhi kwa kosa langu mimi. Nami nikaitafsiri ile radhi, neno kwa neno, kwa ufasaha mkubwa. Ndio mkutano ulionishinda, kijana uliyeniuliza. Hakuna aliyeona nashindwa.

Riziki alirudishiwa siku yake, kwanza nusu, kisha nzima. Wakamshonea kizibao cha kubana, na kitenge cha pili kikawekwa shuleni kwenye kabati. Mama akarudi kwenye mashuka yake. Mimi nikamfuata binti yangu Buffalo, nikafanya kazi miaka michache, nikastaafu na maua na keki. Siku hizi mnakalimani kwa tableti, uso wa mtu uko kwenye kioo na wewe uko jikoni kwako umevaa shati juu na kanga chini. Sawa, dunia inakwenda. Lakini neno la mzazi bado linapita kooni mwako, na bado utashawishika kulipunguza makali kwa mapenzi. Mficha uchi hazai. Niliwahi kudhani msemo huo ni wa wagonjwa tu, kumbe na mkalimani umo.

Mwaka huu Mama Riziki naye kahamia Buffalo, kama wengi. Alinipigia, nikamwalika huku Cheektowaga siku binti yangu yuko kazini. Niliandaa chai, maandazi, na nikaweka sanduku la tishu upande wake wa meza. Mazoea. Riziki ana miaka kumi na sita, amempita mama yake kichwa kizima. Aliingia, hakunitazama, akagusa ukuta, akagusa kiti, akaketi akavuma kidogo. Ndege ilipopita alikuwa ameshaziba masikio kabla sijaisikia.

Nikamwambia mama yake. Sikuzunguka. Nilisema ule mwaka hawakukataa maneno yako, hawakuyapata. Uliyasema na mimi nikayaficha, nikasema unamkumbatia. Nilisema nilikuwa naogopa. Nilisema mwalimu aliomba radhi iliyonipasa mimi.

Akakishusha kikombe taratibu. Akasema, "Mwaka mzima. Nilikuwa nasema moyoni, hata kuongea siongei watu wakashika, ndiyo maana na mtoto haongei." Akainuka akaenda dirishani akanipa mgongo.

Hapo nililia, kilio cha kizee, kibaya, chenye sauti. Riziki akaacha kuvuma. Akafungua mkoba wa mama yake, akatoa kitenge, si kile cha ndege, kingine, na nikadhani ni cha kwake, kelele zangu zimemkera. Akaja nyuma ya kiti changu. Akanizungushia mabegani, kifuani, mikono yangu ndani, akavuta. Akavuta tena. Mtoto ana nguvu, mifupa yangu ilikubali. Akafunga fundo, akaweka kidevu chake juu ya utosi wangu, akatulia.

Mama yake aligeuka. Alitutazama sana.

"Bado sijakusamehe, Mama Zuhura," alisema. "Lakini kaa hivyohivyo. Usimwambie afungue. Atafungua mwenyewe akisikia umetulia."

Nikakaa. Chai ikapoa. Machozi yananitiririka mpaka shingoni, mikono imebanwa, na tishu ziko upande wa pili wa meza, nilikoziweka mimi mwenyewe.